Jina Lisilosomwa Bwaloni

Wazee wetu wa imani wametusimulia kwamba, katika zama zilizopita, palikuwa na chuo cha teolojia juu ya kilima cha Rubanga. Kilianza katika banda la nyasi, kwa wanafunzi wanne. Baadaye mapadre wa majimbo ya mbali walikwenda huko kuongeza elimu, kisha wakarudi kufundisha katika seminari zao. Gombera, yaani mkuu wa chuo, alikuwa Padre Gaudensi.

Kila adhuhuri, kabla ya chakula, gombera alifungua Kitabu cha Marehemu na kusoma majina ya walimu na wanafunzi waliofariki tarehe kama hiyo. Wote waliitikia, "Apumzike kwa amani."

Jina moja halikuwamo. Miaka tisa nyuma ndui iliingia vijijini, wagonjwa wakubwa kwa wadogo wakalazwa madarasani, na walimu wawili wakabaki kuwauguza: Gaudensi na rafiki yake, Padre Deusdediti. Siku ya nne, baada ya kuzika watoto sita, Gaudensi alishikwa na hofu akakimbilia misheni ya jirani. Askofu alipomhoji, alisema Deusdediti ndiye aliyetangulia kutoroka. Kumbe Deusdediti alifia palepale, kati ya wagonjwa. Mwanamke mmoja aliyepona aliieleza habari hiyo, lakini neno lake halikuwa na uzito mbele ya neno la padre.

Mama yake Deusdediti, Bibi Kokushubira, alimsadiki mwanamke huyo. Kila mwaka, siku ile aliyokufa mwanawe, alipanda kilima akaketi mlangoni pa bwalo, kiganja sikioni. Mwaka huo wa tisa mpishi, Sista Leokadia, alimkunjia kanga ya kukalia na kumpoozea uji.

"Mama, umekuja tena! Utatumalizia uji."

"Uji wenu maji matupu, mwanangu. Mimi nimefuata jina."

"Na wasipolisoma?"

"Nitakuja mwakani. Miguu ikikataa, nitatambaa."

Gaudensi, aliyekuwa mezani ndani, aliyasikia yote. Miaka tisa alikuwa amejiambia kwamba ananyamaza ili asikifedheheshe chuo cha Mungu. Akafungua kitabu. Ukurasa ulikuwa mtupu. Akajua kwamba akisema atapoteza cheo na heshima, na asiposema, bibi yule atashuka kilima mikono mitupu, pengine kwa mara ya mwisho.

"Padre Deusdediti," akasema. "Mwalimu wa Maandiko Matakatifu. Alikufa akiwauguza wagonjwa wa ndui. Mtoro nilikuwa mimi."

Mapadre walitazama sahani zao. Ndipo Sista Leokadia akasema kutoka mlangoni, "Apumzike kwa amani," na wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Gaudensi akatoka akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Kaburi lake liko wapi, Baba?"

"Hana lake, mama. Waliokufa mwezi ule walifukiwa pamoja, shimo moja, nyuma ya migomba."

Bibi akanyoosha mkono. "Nisaidie kusimama. Nitawalilia wote. Hayo ya msamaha tutayazungumza hukohuko."

Wakaenda, padre amemshika mkono. Juma lile Askofu alimvua Gaudensi ugombera.

Wapendwa, ukweli uliochelewa miaka tisa haukumrudishia mama huyu mwana wala kaburi. Ulimpa mahali pa kulilia tu. Tusimcheleweshee mtu hata hilo. Mungu atujalie dhamiri iliyo hai.