Walioandika "Kama Juu"

"Mwandika 'kama juu' hajajiandika." Shaibu amemrushia dada yake Sikudhani maneno hayo sasa hivi, baada ya kugundua kwamba tahasusi zote za masomo ya kidato cha tano alizojaza kwenye fomu yake ya kidato cha nne amezinakili kwa rafiki yake, moja baada ya nyingine. Sikudhani kanuna. Kisha wote wawili wamenigeukia mimi, babu yao, wanataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Shaibu anasema mwalimu wao huitamka kila mwaka wakati wa kuchagua masomo, lakini akiulizwa asili yake hana jibu. Mimi ninalo. Haya, mchumba wangu Sikudhani, acha kununa usikilize. Methali hii ilianza hivi, na siwasimulii kwa kujisifu.

Ilianzia katika shule niliyosoma mimi, huku huku milimani Lushoto. Enzi hizo karibu kila kitu kiligawiwa kwa orodha: sukari, sabuni, hata khanga. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Wa kwanza aliandika jina lake, kijiji chake, kata na tarafa, yote kwa ukamilifu. Waliomfuata waliandika jina tu, kisha "kama juu", "kama juu", mpaka ukurasa ukaisha. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa wote walikuwa wa kijiji kimoja na wote walitaka sukari. Sisi watoto tulikua tukiona hivyo, tukaingia nayo shuleni desturi hiyo.

Tulipokaribia kumaliza kidato cha pili, mwalimu wetu wa taaluma, Mwalimu Ndelwa, alileta karatasi darasani. Kila mwanafunzi aandike kama ataendelea na fizikia na kemia, au ataziacha abaki na masomo ya sanaa. Hesabu na baiolojia hazikuwa na mjadala, kila mtu alizisoma. Akasema karatasi irudi mezani kwake kesho yake asubuhi, na akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa kiranja wa darasa na kila muhula nilishika nafasi ya kwanza.

Sasa, kemia ilikuwa imenishinda. Nilikuwa nimepata thelathini na moja katika mtihani wa nusu muhula, na karatasi ile niliificha ndani ya soksi. Nilijua nikiendelea nayo nitaporomoka, na kiti cha kwanza nilikipenda mno. Lakini kiranja angesemaje mbele ya watu kwamba anaogopa somo? Nikasimama nikahubiri. Nikawaambia wenzangu kwamba sayansi ni ya watu wa kukariri, wenye akili za kuongoza nchi husoma historia, na kwamba wakuu wa wilaya wote waliacha kemia. Hilo la wakuu wa wilaya nililitunga pale pale.

Dawati moja nilikaa na msichana aliyeitwa Mkunde Shemboza. Mkunde alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa muuguzi. Alikuwa mtoto wa darasa la tano alipokaa hospitalini wiki nzima akimuuguza bibi yake, na tangu hapo hukumwambia habari ya kazi nyingine akakusikiliza. Kemia aliiweza, alikuwa na sitini na nne. Akanivuta shati.

"Hoza, na uuguzi je? Hautaki kemia?"

"Uuguzi ni baiolojia," nikamjibu. "Na baiolojia hatuiachi."

"Una hakika?"

"Mkunde, lini nimewahi kukupoteza?"

Sikuwa na hakika hata chembe. Nikachukua kalamu nikaandika juu kabisa: Hoza Singano, naendelea na historia, jiografia na siasa, naacha fizikia na kemia. Mkunde akaandika jina lake, na mbele ya jina akaandika "kama juu". Wanne wa madawati ya nyuma yetu wakafuata vivyo hivyo. Nikaona fahari, wajukuu zangu. Watu watano wananifuata!

Jumamosi nilikwenda kumsalimu mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali. Nikamweleza kwamba nimeacha kemia na kwamba nikimaliza shule nitakwenda chuo cha kilimo. Mjomba akaweka kikombe chake chini.

"Chuo cha kilimo kipi hicho kisichotaka kemia?" akaniuliza. "Njoo huku."

Akanipeleka kwenye ubao wa matangazo. Vyuo vilikuwa vimeleta sifa za kujiunga, zimebandikwa pale mstari juu ya mstari. Kilimo: kemia na baiolojia. Ufundi wa maabara: kemia na fizikia. Chini yake, uuguzi: awe amefaulu baiolojia, kemia na fizikia. Mstari ule wa uuguzi niliusoma mara mbili. Mjomba hakumjua Mkunde, kwa hiyo hakuwa na la kuniambia. Wa kumwambia Mkunde nilikuwa mimi.

Jumatatu, kabla ya kengele ya mstarini, nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Ndelwa. Nikamwomba anibadilishie. Hakugomba. Alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakipaka gundi, akakibandika juu ya mstari wangu, akanipa kalamu. Nikaandika upya: naendelea na fizikia na kemia. Alipokuwa anafunga jalada aliona majina ya chini.

"Na hawa walioandika 'kama juu'? Wanajua kwamba umebadilisha?"

"Wanajua, mwalimu," nikasema. "Wao wanabaki na sanaa. Ndivyo wanavyotaka."

Mnaniuliza kwa nini? Nimejiuliza hilo miaka yote. Ningesema kweli, ningelazimika kurudi darasani na kuwaambia watu watano kwamba mahubiri yangu yalikuwa upuuzi, na kwamba niliogopa. Hilo tu. Sikumchukia Mkunde, wala hapakuwa na uhaba wa nafasi. Niliokoa uso wangu kwa siku moja, nikamuuza rafiki yangu.

Na uongo haukai peke yake. Wenzangu waliponiona nakwenda upande wa sayansi wakashangaa, nikawaambia nimehamishwa kwa amri ya walimu. Wakanionea huruma! Mkunde akanipa pole ya kweli kweli, kisha akafungua mkoba wake akanitolea daftari lake la kemia. Nusu lilikuwa limejaa maandishi yake mazuri, nusu lilikuwa tupu.

"Chukua," akaniambia. "Mimi silihitaji tena, na wewe kemia inakusumbua."

Nikalipokea. Kwa daftari lile ndipo nilipoanza kuielewa kemia. Mkunde alieleza mambo vizuri kuliko mwalimu.

Muhula wote wa kwanza wa kidato cha tatu jambo lile lingeweza kurekebishwa. Mara mbili nilimfuata bombani tulipokuwa tunachota maji nikiwa nimepanga maneno, na mara mbili nikaishia kumuuliza habari za nyumbani kwao. Baadaye muhula ukaisha, nikajiambia sasa imeshachelewa, nyamaza tu. Aibu ina tabia hiyo. Ikikaa siku moja inaomba siku ya pili, na wewe unaipa. Nikanyamaza miaka miwili, na kila alipoongea habari za uuguzi nilitazama viatu vyangu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mkunde alipata A ya baiolojia. Shule nzima walikuwa wawili tu. Kijijini kwao walichinja jogoo. Akapeleka maombi chuo cha uuguzi, na baada ya wiki kadhaa barua ikaja.

Siku hiyo mimi nilikuwa shuleni, nimefuata cheti changu. Nilikuwa nimesimama ndani ya ofisi ya Mwalimu Ndelwa pale Mkunde alipoingia na ile barua. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Akasalimia vizuri, akaiweka barua mezani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisomee, labda mimi sielewi. Wanasema sina kemia wala fizikia. Wanasema wasingeweza hata kunijadili."

Mwalimu Ndelwa akasoma, akavua miwani.

"Ni kweli, binti yangu. Uuguzi unataka hayo masomo."

"Mbona hatukuambiwa?"

Mwalimu akainuka. Akaenda kabatini, akatoa jalada, akapekua mpaka akaipata karatasi ile ya kidato cha pili. Akaitandaza mezani. Nilitamani kuondoka, lakini mlango ulikuwa upande wa Mkunde.

"Hebu tazama," mwalimu akasema. "Juu hapa pameandikwa 'naendelea na fizikia na kemia'. Chini yake jina lako, na mbele yake 'kama juu'. Kwa karatasi hii, Mkunde, wewe ulichagua kemia."

Mkunde akainama juu ya ile karatasi. Akapitisha kidole pale palipobandikwa, akahisi ukingo wa kipande cheupe.

"Hapa pamebandikwa."

"Pamebandikwa," mwalimu akakubali. "Hoza alikuja kubadilisha. Nikamuuliza kama ninyi mnajua, akaniambia mnajua, na kwamba mnataka kubaki na sanaa. Nikamwamini kiranja. Nilipaswa kuwaita mmoja mmoja, sikuwaita."

Mkunde akageuka kunitazama. 

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Nilisoma hospitalini, ukutani."

"Na daftari langu ukalipokea."

"Nikalipokea."

Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana! Alichukua barua yake, akaikunja kwa mikunjo ile ile iliyokuja nayo. Alipofika mlangoni alisema, na hakumwambia yeyote kati yetu, alijiambia mwenyewe: "Kumbe mwandika 'kama juu' hajajiandika." Akatoka.

Mwalimu Ndelwa alibaki ameshika miwani mkononi. Alinipa cheti changu, lakini hakunipa mkono. Mwaka uliofuata alipopeleka karatasi darasani, alitanguliza maneno ya Mkunde ubaoni kwa herufi kubwa, na akakataza kabisa mtu kuandika "kama juu". Kila mwanafunzi alimwita ofisini, akamuuliza anataka kuwa nani, akamsomea sifa za chuo chake. Walimu walipohamishwa walikwenda na maneno hayo shule nyingine. Ndivyo yalivyowafikia ninyi.

Mkunde alijaribu kurudia. Akajiandikisha kufanya kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini ule mtihani wa vitendo ulitaka maabara, na maabara hakuwa nayo. Akafeli mara mbili, akaolewa, akalima karoti na kabichi. Mimi nikaenda chuo cha kilimo, nikawa bwana shamba, nikastaafu na pensheni yangu. Mlo wa nyumba hii umetokana na kemia.

Naona Sikudhani unataka kuniuliza kama nilimwomba radhi. Nilimwomba, baada ya miaka kumi na tisa. Nilimkuta sokoni, mbele ya matenga yake ya karoti. Kwanza nilijifanya nataka kununua, akanipimia. Ndipo nikasema, "Mkunde, naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, Hoza," akasema. "Ningebeba na hilo juu ya matenga haya ningevunjika mgongo." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ila methali hii inaniuma. Wanangu wanarudi nayo kutoka shuleni. Wanamcheka yule mjinga aliyeandika 'kama juu', hawajui ni mama yao. Na mimi nacheka nao, nifanyeje? Kila mwaka anachekwa aliyeandika chini. Aliyeandika juu hana hata jina."

Nilirudi nyumbani na karoti zangu, nikiwa na aibu kuliko siku ile ofisini, kwa sababu alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisimulia mara nyingi, kwa wakulima, kwa vijana, hata kwa baba yenu alipokuwa shule. Kila mara nilisema "msichana mmoja" na "kiranja mmoja". Watu walitikisa vichwa wakamsikitikia yule msichana kwa uzembe wake, nami nikatikisa changu pamoja nao. Hata baada ya siku ile ya sokoni niliendelea hivyo hivyo. Mkunde alizikwa mwaka jana. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma, na palipoulizwa nani anataka kusema neno sikunyanyua mkono.

Shuleni watawaambia methali hii inamsema mtu anayewaachia wengine kazi ya kufikiri. Ni kweli inamsema, na wewe Sikudhani imekupata, usinitolee macho. Lakini ninyi mkiitamka, itamkeni yote. Mwandika "kama juu" hajajiandika. Na siku ile, aliyeandika juu nilikuwa mimi, babu yenu, Hoza Singano.