Kwa Nini Uwanja wa Mpira wa Mkondoni Uko Shimoni

Mnauliza kwa nini uwanja wetu uko chini ya usawa wa barabara, mpaka mtu ashuke ngazi kumi na mbili kama anaingia kaburini. Kaeni niwaeleze. Na yule aliyesimika bango la "Prime Plots" pale golini, asogee karibu zaidi.

Hapo kale, kabla ya lami na ahadi, Mto ulikuwa na chumba chake katikati ya mji: bonde pana ambamo hakuna aliyethubutu kujenga. Kila mwaka Mto ulikuja, ukalala mle siku saba, ukaondoka na kuacha tope jeusi na kambare. Watu waliuogopa. Nyumba zao waliziinua juu ya vilima vya udongo, na siku hizo saba walisema kwa kunong'ona.

Mkuu wa mji, Mabuko, akaona bonde ni hasara. "Mgeni gani huyu wa kuwekewa chumba mwaka mzima?" Watu wakacheka, maana mkubwa akitania lazima mcheke. Bi Haluwa, mfinyanzi aliyechimba udongo wake mle, hakucheka.

"Mabuko mwanangu, huyu akikosa chumba chake hatalala nje. Atazunguka kuulizia."

"Bibi, sema tu unalilia vyungu vyako."

Basi wakafukia. Development, si ndiyo? Na udongo wakautoa wapi? Kwenye vilima vya nyumba zao wenyewe! Wakajishusha ili wakiinue chumba cha Mto, na hakuna hata mmoja aliyeona kituko. Nyumba ya kwanza juu ya kifusi Mabuko akampa binti yake, Hamara, aliyekuwa mjamzito.

Mto ulikuja saa sita mchana, jua kali, hakuna wingu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu. Kwanza vyura walinyamaza. Kisha maji yakaingia, ya kahawia, polepole, bila kelele. Yalifika pale bonde lilipokuwa, yakasimama, kama mtu aliyekuta kitasa kimebadilishwa. Halafu yakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Yaliingia chini ya mlango, yakazunguka chumba, yakagusa kitanda, yakatoka kwenda kwa jirani. Yalikuwa yanatafuta pa kulala.

Hamara alikuwa na uchungu tangu jana yake, hakubebeka. Maji yakagonga mlango wake: ko, ko, ko.

"Chukua nyumba!" Mabuko akalia. "Mwache mwanangu!"

"Mto hautaki nyumba," Bi Haluwa akamwambia. "Unataka chumba chake. Chimba!"

Mabuko akachimba kwa mikono, pale pale kwenye kifusi kando ya nyumba. Mji mzima ukachimba, kwa majembe, kwa vyungu vyote vya Bi Haluwa, na kila udongo uliotoka ukarundikwa kumzunguka Hamara. Maji yalifika miguu ya kitanda. Yalifika mkeka. Wengine wakapanda juu. Mabuko akabaki chini kabisa, akizidisha kina. Ndipo maji yakasita, yakageuka, yakateremka shimoni yote kwa pamoja, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi baada ya safari ndefu.

Mtoto akalia. Mabuko hakupanda.

Na tangu siku hiyo, anayejenga Mkondoni huchota kikapu chake cha kwanza cha udongo kutoka shimoni, akainulie sakafu yake. Kuingiza udongo mle, hata kiganja, hapana. Ndiyo maana wachezaji wetu hupangusa viatu kabla ya kushuka uwanjani, na wakipanda huondoka na tope lao. Wageni hutucheka. Wacheke tu.

Ila jana malori matatu yalimwaga kifusi pale golini, na sisi tukapiga picha. Leo jua ni kali, hakuna wingu.

Na vyura je? Tangu asubuhi, nani amewasikia?