Mkono Ulioshikwa

Mfano huu nilipewa na Mama Mkabili, anayetuongoza kwenye maombi ya Jumatano, tukimenya viazi vya arusi ya binti yake. Mimi si msemaji, wapendwa. Nivumilieni nikiusema kama nilivyoupokea.

Kulikuwa na mwanamke mmoja upande wa Mwatate, jina lake Mghoi. Mumewe, Mwandawiro, alinunua vito kwa wachimbaji na kuvipeleka mjini. Kwa kazi hiyo alipewa leseni ya bastola, akawa anaifunga kiunoni upande wa kulia, shati likiifunika. Mghoi hakuipenda. Mume akichelewa tu, macho ya mke hayabanduki mlangoni. Mume alimtuliza kwa kumwambia kwamba kwenye uwanja wa shabaha hakuna anayemfikia; akisimamishiwa sanamu ya karatasi, hakosi kifua.

Siku moja mkufunzi wa uwanja huo, mama mmoja askari mstaafu, akamwambia aje vile anavyotembea barabarani: na mfuko wake wa mawe, na mke, na mtoto. Mghoi akaenda, mtoto wao Wakesho mgongoni, akiona haya mbele ya wanaume waliokuja kufanya mazoezi. Wakaambiwa watembee kama wanaotoka sokoni. Mwandawiro akaanza kumtania mkewe kwamba ananyata kama bibi arusi. Hajamaliza kucheka, mtu akachomoka nyuma ya ukuta, bastola ya bandia ya kurusha rangi mkononi, akidai mfuko.

Mnadhani yule bingwa wa shabaha alifanya nini? Hakufanya kitu. Mghoi alikuwa ameshamng'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote, na ni mkono uleule wa kulia. Risasi za rangi zikawapata wote watatu. Mghoi alipoona doa jekundu kwenye kofia ya mtoto, akampapasa kichwa upesi, ingawa alijua ni rangi.

"Mama Wakesho, umeniua," mume akasema, nusu mzaha.

"Nisipokushika wewe, nimshike nani?"

Mkufunzi hakucheka. "Usimlaumu. Siku yenyewe ikifika atakushika hivyo hivyo. Umejifunza ukiwa peke yako, na wewe hutembei peke yako. Tena nani alikwambia kazi ya kwanza ni kuchomoa? Mawe utapata mengine. Rudieni."

Wakarudia. Safari hii Mwandawiro akautupa mfuko mbali, akamgeuza mkewe haraka nyuma ya ukuta, mkono ukiwa bado umeshikwa, wakakimbia. Bastola haikutoka kiunoni.

"Sasa umefaulu," mkufunzi akasema.

"Lakini afande, sijapiga hata risasi moja."

"Mtazame mtoto. Ana rangi mpya?"

Wapendwa, sisi nasi mazoezi ya imani yetu tunayafanyia wapi? Tunasali nyumba ikiwa kimya, watoto wamelala, mikono mitupu, na hapo kweli hatukosi shabaha. Lakini hasira hutujia lini? Hutujia mtoto akiwa amening'inia shingoni, sufuria iko motoni, na jirani amesimama mlangoni na maneno yake. Tukishindwa, tunawageukia waliotushika na kuwaambia kwamba kama si wao, tungekuwa wapole. Mtatembea na nani basi, kama si hao? Na ule mfuko tunaoukumbatia, wa kutaka neno la mwisho liwe letu, tutautupa lini? Mungu hatatupima mbele ya sanamu ya karatasi. Atatupima njiani, na watu wetu wakiwa wametushika.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kusikia mfano huu, nilipiga magoti, na kabla sijafika mbali mwanangu akaamka akilia kubebwa. Siku nyingine ningemwambia angoje. Nilimbeba, nikaenda naye jikoni, nikaendelea na sala yangu juu ya sufuria ya uji. Akaukamata mkono wangu wa kulia, hataki kuuachia. Nikamwachia, nikakoroga kwa wa kushoto.