Seva ya Kisimani na Wakubwa Wasiofunga

Sogeeni karibu, wanangu, na msisukumane. Hapo zamani, wanyama walipokuwa na nyumba na ofisi kama zetu, wakazi wa bonde la Lubanda walikuwa na kisima kimoja na seva moja.

Seva ilikuwa kompyuta iliyotunza majina ya wanyama wote na zamu zao za kuteka maji. Ukifika kisimani unagusa jina lako kwenye skrini, unauliza zamu yako, unajibiwa, unabonyeza "Funga" kulimaliza ombi lako, unampisha mwenzako. Kabla ya hapo foleni ilipangwa kwa ukubwa wa mwili, na wadogo walikuwa wakikuta matope.

Mtunza seva alikuwa Nguchiro. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye maneno mengi, na hakupenda kuambiwa kwamba hajui.

Basi seva ikaanza kuugua. Kumbukumbu yake, yaani nafasi inayoitumia kufanyia kazi, ilijaa kidogo kidogo hadi ikafika pomoni, kisha pwii, seva ikazimika. Ikizimika, zamu hazionekani. Hapo Nyati husema, "Tupange kwa ukubwa, kama zamani." Kiboko humuunga mkono, miguu yake ikiwa tayari imo majini.

Siku moja jirani yake Nguchiro, Mama Digidigi, alirudi tena na ndoo tupu. Mwanawe alikuwa amejilaza kivulini, hachezi, midomo imemkauka. Nguchiro akamletea maji yaliyobaki mtungini mwake. Hayakujaza hata kikombe.

"Kesho itapona?" Mama Digidigi aliuliza.

"Itapona," alijibu Nguchiro. Hakuwa na hakika hata kidogo.

Asubuhi Mwenyekiti Tembo alimwita.

"Nimeiongezea seva kumbukumbu," alisema Tembo. "Nyingi. Mbona imejaa tena?"

"Ukimpa mlafi sahani kubwa, Mzee, hujatibu ulafi. Umechelewesha tu."

"Basi tibu. Ikizimika tena, nitairudisha foleni ya ukubwa. Nyati ananisumbua kila siku, nami nimechoka."

Nguchiro aliizima seva, akaiwasha upya. Kumbukumbu iliyojaa ikashuka, seva ikawa nyepesi kama mpya. Mtu mvivu angeishia hapo na kwenda kulala. Yeye alivuta kigoda, akakaa kando ya skrini akiitazama kama mama anayetazama maziwa jikoni.

Kwanza kumbukumbu ilipanda kwa kasi. Halafu ikatulia. Akatambua kwamba seva ilikuwa inaweka karibu majina yanayoulizwa mara kwa mara, isihangaike kuyatafuta tena. Huo haukuwa ugonjwa.

Akaja Mama Digidigi. Akauliza, akajibiwa, akabonyeza, kpi. Kumbukumbu ikapanda kidogo, ikashuka palepale.

Akaja Nyati. Akauliza, akajibiwa, akageuka, puu puu puu, akaenda zake. Kumbukumbu ikapanda. Haikushuka.

Baada ya muda mfupi Nyati akarudi. Akafungua ombi jipya juu ya lile la zamani, akaondoka tena bila kubonyeza chochote. Kiboko naye hivyo hivyo. Fisi naye, tena akicheka. Kila ombi lililoachwa wazi lilishikilia kipande chake cha kumbukumbu, na seva, kwa adabu yake, ilikaa ikiwasubiri waseme wamemaliza.

Nguchiro akamfuata Nyati.

"Bwana Nyati, samahani. Ukimaliza kuuliza, funga."

"Nikifunga, nafasi yangu itachukuliwa."

"Haichukuliwi. Zamu yako imeandikwa ndani."

"Wewe umesema. Mimi naacha wazi, ili seva inikumbuke." Akainamisha pembe mpaka zikafika usawa wa pua ya Nguchiro. "Kuna swali?"

"Hakuna," alisema Nguchiro, akarudi kinyumenyume.

Njiani aliwaza kwa hasira. Angemshtaki kwa Tembo? Tembo angeitisha kikao, kikao kingeunda kamati, na Nyati angekuwa mwenyekiti wa kamati. Na kumbukumbu ilikuwa inaendelea kupanda.

Alipofika kisimani alipanda juu ya ukuta, akazungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza hali ya hewa.

"Tangazo dogo. Nimegundua seva inavyofikiri. Mwenye ombi lililo wazi, inahesabu kwamba bado anakunywa. Anayekunywa hapewi zamu nyingine. Nawatakia siku njema."



"Yaani mimi," alisema Kiboko taratibu, "bado nakunywa?"

"Tangu asubuhi, Bwana Kiboko. Hongera."

Fisi aliacha kucheka. Nyati alianza kutembea kuelekea kwenye skrini, kisha akatembea haraka, kisha akakimbia. Wakubwa wakabanana pale, kila mmoja akitafuta maombi yake ya zamani. Kpi, kpi, kpi, kpi. Kumbukumbu ikashuka mpaka pale ilipokuwa asubuhi, ikatulia. Foleni ikaendelea, na zamu ya Mama Digidigi ilipofika, alijaza ndoo yake mpaka juu.

Nguchiro hakusherehekea. Alijua hofu ya wakubwa haikai sana. Mchana wote aliinama juu ya seva akiifundisha kanuni mpya: ombi likikaa wazi bila kazi, seva ilifunge yenyewe, na mwenye ombi asubiri kidogo kabla ya kuuliza tena.

Jioni Nyati alimjia. Alikuwa amefikiri kutwa nzima, na uso ulionyesha kazi hiyo.

"Lile tangazo lako," alisema. "Nimeuliza kwa Mwenyekiti. Hajawahi kulisikia. Ulitudanganya."

"Asubuhi, ndiyo, ulikuwa uongo," alisema Nguchiro. "Mchana nimeufanya kanuni. Ukitaka kuhakiki, acha ombi lako wazi."

Nyati aliitazama skrini. Kisha akanyoosha ukwato wake mkubwa, akabonyeza polepole.

Kpi.

Basi, wanangu, aliyemaliza haja yake ampishe mwenzake, hata kama ana pembe.