Hatua Tatu Ndani ya Kihamba cha Mafole

Sogeeni, watoto, sogeeni mpaka magoti yagusane. Nikisema kale, semeni ilikuwepo. Kale. Ilikuwepo. Kale. Ilikuwepo. Basi kama ilikuwepo, ilikuwepo zama zile Mlima ulipokuwa ukiteremka asubuhi kuwasalimu watu, kisha ukarudi kukaa mahali pake. Zama zile neno la mtu lilikuwa zito kuliko mkungu wa ndizi uliokomaa.

Zama zile aliishi Ndemasi. Mtu mrefu, mpole, wa sauti ya taratibu. Watu wakigombania mpaka, walimwita yeye. "Mwiteni Ndemasi," walisema, "ulimi wake haujapinda." Ndemasi alikuja, akatazama masale, akasema, "Mpaka ni huu." Na ukawa huo.

Ngojeni kwanza. Wewe unayecheka huko nyuma, isale ni nini?

Ni mti wa mpakani, unasema. Sawa, lakini mpakani ni kazini kwake tu. Kwao ni kule juu msituni, kwenye makorongo, kwenye kivuli na unyevu, ambako ukungu hukaa mpaka adhuhuri. Ni kichaka cha majani marefu, mapana, yanayong'aa kama yamepakwa samli. Maua yake ni meupe, hunukia jua likizama. Vitunda vyake vyekundu huliwa na ndege, na ukifukua mzizi wake utaukuta una rangi ya boga. Kiangazi kikija, migomba hulegea, nyasi hugeuka makapi, isale ni kijani. Likate, lisahau juu ya jiwe mwezi mzima, kisha lichomeke ardhini mvua ikinyesha: linaota. Ndiyo maana wazee wetu wa mlimani walilipa isale kazi ya kulinda mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ambamo mtu huzaliwa na ndimo huzikwa.

Tena wakalipa jani lake kazi ya pili. Ukimkosea mtu, unakata jani la isale la mpakani kwako, unalipiga fundo, unampelekea. Akiletewa jani lenye fundo, hakatai. Hata kama umemuulia ndugu, hakatai.

Sasa, kihamba cha Ndemasi kilipakana na cha Mama Mafole, mjane mtu mzima. Siku moja Mafole alikuja na kikapu cha ndizi kichwani.

"Ndemasi, mwanangu, nakwenda ng'ambo ya korongo. Binti yangu kajifungua. Nitakaa miezi mitatu, mpaka atoke uzazini. Niangalizie migomba yangu. Na masale yameota hovyo, yapunguze."

"Nenda kwa amani, mama. Migomba yako ni migomba yangu."

"Isiwe yako sana," akasema Mafole, akacheka, akaenda zake.

Ndemasi alikuwa na mwana, Kirita, kijana mwenye kutaka kuoa. Posa ilikwisha kupokelewa, lakini nyumba ya kumwingiza mke haikuwa na pa kusimama. Kila pembe ya kihamba ilikuwa na mgomba, na kila mgomba ulikuwa na mdomo unaoutegemea.

Ndemasi akaenda mpakani na mundu wake, asubuhi ya manyunyu. Alikwenda kupunguza masale, watoto, kama alivyoagizwa. Akapunguza moja. Akapunguza la pili. Akatazama ng'ambo. Akapiga hatua moja ndani ya kihamba cha Mafole: udongo mweusi. Hatua ya pili: udongo mweusi, laini. Hatua ya tatu: udongo mweusi, laini, na mfereji unapita karibu. Akasimama hapo. Moyoni akamwona Kirita, akaiona nyumba, akauona moshi ukitoka.

Akakata. Akakata masale ya zamani mpaka chini, moja baada ya jingine, akavifunika visiki kwa majani makavu ya migomba. Vile vipande alivyokata akavichomeka hatua tatu mbele, ndani ya ardhi ya mjane.

Mnauliza, hakujua kwamba isale likikatwa huchipua? Alijua. Mtoto wa juzi alijua. Lakini kung'oa mzizi wa mpakani kulikuwa ni mwiko mkubwa, na mkono wake haukuthubutu. Akajiambia, kukata si kung'oa. Alitaka kuiba, na alitaka kuushika mwiko. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe.

Wapita njia walimwona wakamsifu. "Unamsaidia mama wa watu, Ndemasi? Ruwa, Mungu wetu, akuone." Naye aliitikia, "Haya," bila kuinua uso.

Miezi mitatu ikapita. Mafole akarudi. Akaja mpakani, akatazama. Akatazama tena.

"Yameota vizuri," akasema.

"Yameota, mama."

"Mkono wako hauchagui pa kupanda."

Akaingia kwake.

Mvua za masika zikaanguka, zikaanguka, zikaanguka. Ndemasi alizihesabu siku. Alijua visiki havitalala. Siku ya kumi akachukua kisu, akapenya katikati ya migomba, akafunua majani makavu ili akate machipukizi. Akakuta yamekwisha kukatwa. Yamekatwa vizuri, kwa mshazari, na utomvu bado mbichi.

Mtu anajua.

Akarudi nyumbani. "Mama Kirita, umepita mpakani leo?"

"Nikafanye nini mpakani? Chakula kitajipika?"

Baada ya siku kumi akaenda tena. Yamekatwa tena. Baada ya kumi nyingine, vivyo hivyo. Mtu anajua, na mtu hasemi. Ndemasi akaanza kuwatazama watu midomoni. Aliyemsalimu kwa furaha, alimwogopa. Aliyemsalimu kwa haraka, alimwogopa zaidi. Ndugu wawili wakaja kumwita awaamulie mpaka. "Sema wewe, baba, ulimi wako haujapinda." Ndemasi akasema tumbo linamuuma. Na kweli lilimuuma. Kirita naye akawa kila siku anauliza, "Baba, nguzo nizisimamishe lini?" Naye kila siku akajibu, "Udongo haujakaa sawa."

Ndipo alipokwenda mapema kuliko desturi, jua likiwa linachungulia tu. Akamkuta mtu ameinama kati ya migomba, mkono mmoja kiunoni, mwingine una kisu. Ni Mafole.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakata majani ya mbuzi."

"Mama."

"Nenda kwako, Ndemasi. Watu wataanza kupita."

"Umejua tangu lini?"

Mafole akajinyoosha polepole, kwa maana mgongo ulimuuma. "Tangu siku niliyorudi. Niliingia kihamba hiki nikiwa bibi harusi, leo nisiijue migomba yangu? Ule pale, ambao chini yake tulizika kitovu cha binti yangu, sasa uko kwako. Nilipouona umekaa upande wa pili nilidhani macho yamenizeekea."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Muamuzi wa mipaka ni wewe."

Ndemasi akautazama ule mgomba.

"Na ningesema," akaendelea Mafole, "nani angempa binti mtoto wa mwizi wa mpaka? Kirita ndiye anayeniletea maji mgongo ukikataa. Nikasema moyoni, nitakata, nitakata, mpaka wewe uchoke au mimi nife."

Watoto, Ndemasi alitamani atukanwe. Angetukanwa, angejua pa kuweka mikono yake. Alisimama nayo imening'inia kama si yake, mbele ya mwanamke mzee aliyeinama siku zote hizo katika umande ili yeye aendelee kuitwa mtu mnyoofu.

Akageuka, akatoka mbio mpaka mpakani, akakata jani refu la isale, akalipiga fundo. Akarudi, akapiga magoti, akalishika kwa mikono miwili.

Mafole hakunyoosha mkono. "Umelikata wapi?"

"Mpakani, mama."

"Mpaka upi?"

Ndemasi akalitazama jani.

"Jani hilo limeota kwenye ardhi yangu. Ni langu. Wataka kunipa changu ndipo nikusamehe?"

"Nikakate wapi, basi?"

Mafole akaonyesha visiki kwa ncha ya kisu. Ndemasi akatazama. Chipukizi lililobaki halikuzidi ukucha wa mtoto mchanga.

"Hili halifungiki fundo."

"Ngoja lifungike," akasema Mafole. "Mimi sitakata tena."

Mnaelewa maana yake? Jani likue mpaka lifungike fundo, na likikua, kila mpita njia ataliona. Ataona masale mistari miwili, wa kweli na wa uongo, na atajua.

Ndemasi angeweza kuyafyeka machipukizi mwenyewe. Kisu alikuwa nacho. Usiku huo hakulala, na asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda sokoni, alianza kung'oa masale yale aliyopanda. Yalikuwa yameshika. Alivuta kwa mikono miwili, na mizizi ile ya rangi ya boga ikatoka na udongo wa mjane.

"Ndemasi," jirani mmoja akaita, "leo unang'oa ulichopanda mwenyewe?"

Angeweza kusema yameoza. Angeweza kusema yameliwa na wadudu. "Niliyapanda kwenye ardhi ya Mama Mafole," akasema. "Mpaka wangu ni ule pale."

Jirani alikaza mwendo, maana habari kama hiyo haibebwi kwa kutembea taratibu.

Siku ileile kilima kizima kilijua. Penye pombe ya ndizi wakamwambia, "Ndemasi, tugawie mbege, lakini kata yangu ya kunywea usiisogeze hatua tatu." Wakacheka mpaka wakamwaga. Wakwe wakakirudisha kibuyu cha mbege ya posa, kimejazwa upya kama kilivyopelekwa. Kirita alikula chakula chake akiwa amempa baba yake mgongo. Na hapakuwa tena na mtu wa kumwita Ndemasi mpakani kwake.

Kila asubuhi aliyapalilia yale machipukizi. Jani likawa kama kidole. Likawa kama kiganja. Watu wanapita, yeye amechuchumaa pale, anaondoa magugu kuzunguka ushahidi wake mwenyewe. Mafole alipita bila kumsemesha, kwa kuwa jani halijaja. Mvua zikaisha. Vuli ikaja. Jani likawa kama mkono kuanzia kiganjani hadi kiwikoni.

Akalikata. Akalipiga fundo, likafungika. Akaenda mchana, njia imejaa watu, akapiga magoti mlangoni pa mjane.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani, mama. Pale pa zamani."

Mafole akalipokea kwa mikono miwili. "Nimelipokea. Inuka."

Hakuinuka.

"Ndemasi, ungeniomba hatua tatu, ningekupa tano. Nilikuwa mtu mmoja na migomba mingi."

Neno hilo, watoto, lilimuuma kuliko kicheko chote cha penye pombe. Aliinama mpaka kipaji cha uso kikagusa udongo.

"Na sasa nitazitoa," Mafole akasema. "Nampa Kirita. Wewe sikupi. Nitakwenda mwenyewe kwa wakwe, wakipokee tena kibuyu. Lakini masale ya mpaka mpya atayapanda Kirita kwa mkono wake, nami nitakuwepo. Wewe kaa kando utazame."

Ikawa hivyo. Kirita akaja na vipande vyake vya masale, Mafole akasimama na fimbo yake. Ndemasi akaketi kando, mikono juu ya magoti, yeye aliyewaamulia mipaka watu wa kilima kizima. Kirita akachomeka kipande cha kwanza, akainua macho. Akampita baba yake kwa macho.

"Ni hapa, mama?"

"Sogea kidogo," akasema Mafole. "Hapo. Ndipo."

Ndemasi akatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Basi shikeni hili, watoto. Mtu akikufichia aibu yako, usidhani imekwisha. Ameibeba yeye, na mgongo unamuuma. Nenda ukamtue mzigo mapema, mchana, watu wakiona, kabla hajachoka au hajafa.

Kisa kimefika kilikokuwa kikienda. Aliyekisikia, ni chake, akawape wenziwe. Aliyesinzia, akamuulize jirani yake. Nami nimenyamaza.