Jojo ya Ibadani

Wapendwa, palikuwa na mama kijana ambaye kila alipomnyonyesha mwanawe alitega sikio kwanza. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi, kidogo tu, kama birika linalotaka kuchemka, na yeye akiisikia moyo unamruka, anaiangalia pakiti ya sigara mfukoni mwa shati la mumewe, ananyamaza. Siku alipoweza kusema, alisema yote kwa mkupuo: "Baba Tumsifu, sikugombezi, lakini hata ukivutia nje moshi unarudi nao kwenye shati, na mtoto unambeba na shati hilohilo, na akikata pumzi mimi nitafanyaje?"

Kesho yake mume alikwenda duka la dawa akarudi na jojo za nikotini, zile za kumsaidia mtu aache sigara. Ya kwanza akaitafuna kama karanga. Kwikwi ikamshika, koo likamwaka. Mkewe akambeba mtoto mgongoni, wakarudi wote kwa dada wa duka la dawa.

"Shemeji, taratibu," dada akacheka. "Tafuna kidogo, ukisikia inawasha ibane shavuni itulie, halafu tafuna tena. Ikiwa mdomoni usinywe chai wala kahawa. Na mtoto asiifikie kabisa, kwake ni sumu."

"Lakini si nikotini ileile?" mama akauliza. "Si tumebadilisha jina tu?"

"Ni ileile, ila haina moshi, na ina kipimo. Itamtuliza hamu ikija, na tutaipunguza kidogo kidogo mpaka aiache nayo."

Basi akashikamana nayo. Pakiti ikatoka mfukoni, shati likaanza kunukia sabuni.

Hamu haichagui mahali. Jumapili moja ikamjia katikati ya ibada, akatia jojo yake mdomoni. Na mnajua tulivyo na mtu anayetafuna kanisani. Mzee wa kanisa akaja ananyata, akamkingia kiganja chenye kipande cha karatasi.

"Kijana, tema. Hapa siyo kijiweni."

Angesema nini? Atangazie benchi zima kwamba yeye ni mvuta sigara? Akatema. Muda si muda hamu ikamzidi mume, akainuka, akatoka, na kupitia dirishani mkewe akamwona penye pikipiki zilizoegeshwa, anamwomba mtu sigara.

Akatoka mbio, mtoto begani. Akamkuta ameishika, hajaiwasha. Hakumgombeza. Akafungua zipu ya mkoba wake, akampa jojo nyingine. "Turudi, baba. Mimi nitakaa upande wa njia, mzee asikufikie."

Wakarudi. Na yule mzee naye akarudi, kiganja kilekile. Mnafikiri yule mama, anayeogopa hata kusoma matangazo, alifanya nini? Alimwekea mzee mtoto mikononi.

"Baba mzee, msikilize kifua kwanza. Anachotafuna ni dawa ya kuachia sigara, na anaacha kwa ajili ya huyu."

Mzee akainamisha sikio. Akaisikia ile filimbi, imebaki nyembamba. Hakumrudisha mtoto. Aliketi palepale, akampakata mpaka baraka, na kila alipoona shavu la yule baba limetulia mno alimnong'oneza, "Tafuna, mwanangu."

Wapendwa, yule mzee ni sisi. Ni sisi tunaomhubiria mtu aache, halafu tunamkingia karatasi ateme kile kinachomsaidia kuacha, kwa kuwa tu hakipendezi machoni petu. Tumewahi kumuuliza anatafuna nini, na kwa ajili ya nani? Jumapili ijayo ataketi mtu karibu yako, shavu limetuna kidogo, macho chini. Usimpelekee karatasi. Sogea akae, na kama ana mtoto, mpokee.