Ua la Asubuhi Moja

Siku Bi Mwanamwema alipofariki, ua la kwanza la mvanila lilifunguka nyuma ya nyumba yake, Kiembe Samaki, na hakuna aliyelitazama. Ua la mvanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Watu waliporudi kutoka makaburini, lilikuwa limekwisha.

Marehemu alikuwa mwalimu wa baiolojia. Miaka miwili kabla, mwanafunzi wake Khairat alivunjika mguu akakaa nyumbani muhula mzima. Bi Mwanamwema hakumwacha. Alirekodi masomo kwa simu yake: mzizi wa muhogo, jani la mpera, kunde ikichipua kwenye pamba, kisha kila Alkhamisi akampelekea simu hiyo ayatazame. Vitabu vilieleza kwa Kiingereza. Yeye alieleza kwa Kiswahili, taratibu, mikono yake tu ikionekana. Khairat alipopona, darasa zima likazitaka video hizo. Lilibaki somo moja: namna ua linavyogeuka tunda.

"Ua likifunguka nami sipo, nirekodie," alimwambia mumewe, Kheir, asubuhi aliyopelekwa hospitali.

"Mimi na maua wapi na wapi," Kheir alijibu akicheka. Alikuwa fundi wa milango ya nakshi Mji Mkongwe, na mikono yake ilizoea patasi na nyundo. Baadaye jibu hilo lilimkaa moyoni kama mwiba.

Baada ya khitma, Sichana, dada wa marehemu, alikuja kugawa vitu vyake kama ilivyo ada. Nguo zikapata wenyewe. Ikabaki simu.

"Shemeji, hii nampa binti yangu," alisema. "Atafuta vilivyomo, aanze upya."

"Chukua," Kheir alisema. Tangu msiba hakuthubutu kuiwasha. Aliiogopa sauti iliyokuwamo.

Kabla Sichana hajaitia mkobani, hodi ikabishwa. Alikuwa Khairat, na sare yake ya skuli.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba video za mwalimu, Mzee Kheir. Mtihani umekaribia, na video tunazoonyeshwa sasa zote ni za matufaha na theluji. Sisi theluji tutaiona wapi?"

"Kwenye friji," alisema Sichana.

Kheir hakucheka. Alielewa kwamba simu ile ikitoka mlangoni, kazi yote ya mkewe ingefutwa. Akanyoosha mkono, akaipokea, akaiwasha.

"Msikariri," sauti ilisema. "Tazameni kwanza." Kisha, kwa mbali, ikasikika sauti ya Kheir mwenyewe: "Mwalimu, chai inapoa." Naye Bi Mwanamwema akajibu: "Nnakuja, fundi. Ngoja nimalize jani hili."

Sichana akafunga mkoba wake.

"Binti yangu atangoja nyingine," alisema.

Mvanila ulikuwa umebakiza matumba mawili. Siku ya tatu yote mawili yalifunguka pamoja. Khairat alikuja mapema akashika simu. Sichana naye akaja, kwa kuwa hakutaka kusimuliwa. Kheir alikuwa amechonga kijiti cha mwanzi, chembamba kama sindano.

"Mwalimu alinieleza," alisema Khairat. "Huku hakuna mdudu wa kulichavusha ua hili, lazima tulisaidie kwa mkono. Ndani mna utando mdogo unaoitenga chavua na mahali pake. Uinue kwa kijiti, kisha ubonyeze kwa kidole gumba."

Kheir akainua. Ua likachanika.

"Shemeji, huo si mlango," alisema Sichana.

Likabaki moja. Kheir alijifuta jasho, akashusha pumzi, akaacha kutumia nguvu. Akaliendea kama anavyoliendea jani la mwisho la nakshi, ambalo likivunjika mlango mzima huharibika. Utando ukainuka. Chavua ikakaa mahali pake.

Kesho yake ua lile lilinyauka lakini halikuanguka, na nyuma yake kijiganda kikaanza kurefuka. Khairat aliimaliza video kwa sauti yake, akianza kwa kulitaja jina la mwalimu wake. Novemba alifanya mtihani, akafaulu. Bi Mwanamwema alimsaidia mtoto mmoja asiyeweza kutembea, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuiokoa kazi yake isifutwe.

Sasa video zote zimo katika kompyuta ya skuli. Ganda la vanila limekaribia shibiri moja, na kila Alkhamisi Kheir hulirekodi kwa ajili ya darasa linalofuata. Ua huoza, na tunda huoza, wema hauozi.